Ufizi Usiotunga Usaha

Wateja wengi wa shemeji yangu wanaamini kwamba ni bubu. Ni fundi wa makochi, na mtaani wamempa jina la Fundi Bubu. Wapo wanaoingia karakanani na kuanza kumwonyesha kwa vidole: viti vitatu, kitambaa cha kijani, tayari lini. Naye huwajibu kwa vidole vivyo hivyo, tena kwa adabu zote, kwa sababu kinywa chake kimejaa misumari.

Niwaeleze, maana siku hizi mafundi wana mashine ya kupiga pini na kazi hii haionekani tena. Shemeji alifundishwa na mzee mmoja asiyecheka, aliyeamini kwamba fundi anayeinama kuchukua msumari kwenye kopo ni mvivu. Unachota vimisumari vidogo, unavitia shavuni. Ulimi unakileta kimoja mbele, unakigeuza mpaka kichwa kitangulie, kinachungulia kati ya midomo. Nyundo yenye sumaku inakuja kukichukua pale pale na kukigonga kwenye mbao, na mkono wa kushoto unabaki huru kuvuta kitambaa. Ukimwona kwa mara ya kwanza utadhani mtu anabusiana na nyundo. Mdogo wangu, ambaye sasa ni mke wake, alimwona hivyo siku alipokuja kutengeneza kiti cha baba yetu. Alicheka hadi akakaa chini, na mimi nikajua kabla yake kwamba ameshapata mume.

Jioni, akitema msumari wa mwisho, ndipo maneno ya siku nzima yanapomtoka. Anaongea kutoka karakanani hadi nyumbani, anaongea akioga, anaongea akila, na mdogo wangu ndiye anayemiminiwa yote. Mimi nashona foronya za mito kwenye cherehani iliyo pembeni yake tangu nilipofiwa na mume wangu, kwa hiyo namjua kwa ubavu: shavu la kushoto limetuna, nyundo inakwenda na kurudi, vumbi la sponji limemjaa kwenye nyusi. Ni mtu mwema na mbishi kupindukia. Na mimi ni mwoga, niseme mapema, wala sioni haya. Mtu akichelewa kurudi nyumbani mimi nimeshamzika.

Uvimbe ulianzia chini ya taya. Alidhani ni jino. Ukaja wa pili shingoni, mgumu, usiouma, kisha suruali zikaanza kumlegea na mashuka yakawa yanaloa jasho. Hospitali walimkata kipande kidogo wakakipeleka maabara, na majibu yakarudi kuwa ni saratani ya tezi za limfu. Mdogo wangu aliomba kiti. Mimi nilikuwa nimeshakaa.

Aliyetueleza ni muuguzi wa wodi ile, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, ambaye kila mtu kwake ni baba au mama.

"Tezi hizi, baba, ndimo zinamokaa chembe nyeupe za ulinzi," alimwambia. "Zinaletewa vipande vya vijidudu vilivyokamatwa, zinavisoma, zinavikumbuka. Vikirudi mwaka kesho zinavijua kwa sura. Ndiyo maana mtu akiugua surua akapona, haimrudii. Sasa baadhi ya chembe hizo zimeasi. Zinazaana tu, kazi hazifanyi."

"Kwa hiyo mlinzi ndiye aliyegeuka mwizi," shemeji akasema.

"Ndiyo hivyo. Na polisi tunayemleta sisi hana macho. Anapiga risasi mtaa mzima."

Hatukucheka. Alieleza kwamba dawa ya saratani huua kila chembe inayozaliana upesi, iwe mbaya au njema. Nywele zingedondoka. Na uboho, ule ulio ndani ya mifupa, ambao chembe nyeupe nyingine huzaliwa humo usiku na mchana, ungesimama kazi kwa muda. Baada ya kila dozi kungekuwa na siku ambazo damu yake ingebaki karibu tupu, kisha chembe zingerudi zenyewe. Siku hizo za katikati ndizo za kuogopwa, na mimi nilianza kuziogopa pale pale kwenye kiti.

"Ukijichoma mwiba," muuguzi akaendelea, "zipo chembe zinazofika kwanza. Pale penye jeraha mishipa midogo ya damu inalegea, nazo zinajipenyeza nje, zinakwenda moja kwa moja kwa kijidudu na kukimeza kizima kizima. Hazina maisha marefu. Zinameza, zinapigana, zinafia hapo hapo. Usaha unaouona kwenye jipu, sehemu kubwa ni maiti zao."

Chakula cha mchana siku ile sikukigusa. Tukaambiwa ya kuchunga: wekundu, uvimbe, maumivu, usaha, na zaidi ya yote homa. Joto likipanda, hata kama ni kidogo, tusingoje. Tukaambiwa na ya kuepuka: mboga mbichi, misongamano ya watu, wembe, maua ya kwenye chupa, mtu mwenye mafua hata akiwa ni mama mzazi. Walifikiria karibu kila kitu. Lakini nani duniani angefikiria kumkataza mtu mzima kutia misumari kinywani?

Dozi ya kwanza aliipita salama, na ndiyo iliyotuponza. Alipoteza nywele, akawa anajiangalia kwenye kioo cha kabati la mteja na kusema sasa amefanana na mguu wa meza. Uvimbe wa shingoni ukapungua. Tukaanza kupumua. Wiki moja hivi baada ya dozi ya pili, akachoka kulala, akasema anakuja karakanani kukaa tu, kuangalia watu wakipita. Mdogo wangu alimvika barakoa na kunikabidhi mimi kana kwamba nimekabidhiwa yai.

Nilitoka kwenda kununua uzi, duka la tatu kutoka kwetu. Niliporudi, barakoa ilikuwa inaning'inia sikioni, shavu la kushoto limetuna, na nyundo inakwenda na kurudi kwenye mgongo wa kiti cha daktari wa meno, mteja wetu wa zamani.

"Tema," nikamwambia.

Akanitazama.

"Shemeji, tema sasa hivi."

Akavitemea kwenye kiganja. Kimoja kilikuwa na damu kidogo, nyembamba, imechanganyika na mate.

"Umejikata?"

"Nimeshika nyundo tu, shemeji," akasema kwa unyonge, yeye asiyekuwa mnyonge. "Mdomo umejiendea wenyewe."

Kinywa kile hakikuwahi kukatwa na msumari kwa miaka yote hiyo. Lakini dawa ilikuwa imeshakila. Ngozi ya ndani ilikuwa nyembamba na kavu, na ulimi uliojua kugeuza msumari gizani sasa ulikuwa mzito. Tulimulika kwa tochi ya simu. Kwenye ufizi wa chini kulikuwa na mchubuko mdogo sana, kama uzi mweupe. Nilimpa maji ya chumvi asukutue, nikamfungia kopo la misumari kwenye droo ya cherehani, nikaenda kumwambia mkewe, na mkewe akatusema wote wawili mpaka tukakosa pa kuangalia.

Kuanzia hapo kila asubuhi mdogo wangu alimketisha dirishani, akamfungua kinywa, akamulika. Hakuna wekundu. Hakuna uvimbe. Usaha, hata tone. Hauumi, alisema mwenyewe, ila mifupa tu inachoka. Kipimajoto nacho kikasema vizuri. Tulishukuru Mungu. Tulikuwa tumeambiwa usaha ni nini, tena kwa maneno mepesi kabisa, na kati yetu watatu hakuna aliyejiuliza kwa nini jeraha la mdomoni, mahali pachafu kuliko pote mwilini, linabaki safi kiasi kile.

Na kipimajoto kilikuwa kinatudanganya. Mgongo wa fundi wa makochi haukosi kuuma, na shemeji alikuwa na vidonge vyake vya maumivu mfukoni kama wengine wanavyokuwa na pipi. Mifupa ilipochoka akameza. Vidonge hivyo vinashusha homa pia, na homa ndiyo kengele pekee iliyokuwa imebaki.

Asubuhi moja kikombe cha chai kilianza kugonga kisahani. Mdogo wangu alisikia mlio huo akiwa jikoni, akadhani anamwita kwa utani. Alipofika alimkuta ameshika kikombe kwa mikono miwili, chai inamwagika mapajani, meno yanagongana, na midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Alinipigia simu. Nilisikia tu anavyohema.

Bahati ilikuwa mlangoni pa karakana: gari dogo la mizigo limekuja kuchukua kochi la mteja, na kochi limeshapandishwa. Nilimwambia dereva tunapita kwanza nyumbani kwa mdogo wangu. Tukamweka shemeji mbele, mkewe akamkumbatia, na mimi nikapanda nyuma. Hapakuwa na pa kukaa ila kwenye kochi. Nilivuka mji mzima nimeketi juu ya kochi jipya la kijani, nimeshika egemeo kwa mikono yote miwili, watu wa barabarani wananicheka na kunipungia, na mimi nalia kwa sauti.

Muuguzi wetu alitusikia kabla hatujafika mezani kwake. Alimgusa shemeji paji la uso, akapima presha, akaita daktari kwa sauti ile ile ya ng'ambo ya barabara. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, asiyepoteza maneno.

"Amemeza dawa yoyote?" akauliza.

"Za maumivu," mdogo wangu akasema. "Tangu juzi, labda kabla."

Nilijitia kusaidia. Nikaeleza kisa cha misumari, na nikamalizia kwa kile nilichodhani ni habari njema. "Lakini ufizi ni safi, daktari. Tumeuangalia kila siku. Hakuna uvimbe, hakuna usaha."

Alikuwa ameinama anamulika kinywani. Akainua macho.

"Mama, hilo ndilo linaloniogopesha," akasema. "Usaha unatengenezwa na nani? Vijidudu vimeingia pale, na hakuna aliyefika kuvizuia. Vimepita vimekwenda kwenye damu."

Nilijishikilia kwenye fremu ya kitanda na kutazama ule mchubuko mdogo mweupe, ambao tulikuwa tumeumulika kwa tochi na kuushukuru asubuhi baada ya asubuhi, na nikaona jinsi ulivyokuwa mlango uliobaki wazi, nyumba haina mtu.

Hawakungoja majibu ya maabara. Walimtundikia dripu, wakamwingizia dawa kali za kuua bakteria, dripu nyingine ya kuinua presha. Wakamhamishia chumba cha peke yake chenye kioo kidogo mlangoni, na aliyetaka kuingia alinawa hadi kwenye viwiko na kuvaa barakoa na gauni. Daktari alituita ukumbini.

"Dawa itapunguza kasi ya vijidudu," alisema. "Itaua vingi. Lakini kumaliza kazi kunahitaji chembe zake mwenyewe, na leo hana. Uboho wake unapaswa kuamka siku hizi hizi. Tunashindana na muda."

"Akichelewa?" mdogo wangu akauliza.

Daktari alimshika mkono, kisha akarudi chumbani kwa mgonjwa.

Basi tukangoja. Kila asubuhi walimtoa damu, na kila asubuhi muuguzi alikuja na kusema neno moja: bado. Sijawahi kulichukia neno kama hilo. Alilisema kwa upole, akitutazama usoni. Mdogo wangu alisimama kwenye kioo mpaka paji la uso likaacha alama pale, mfanya usafi akawa anaifuta na yeye anairudisha.

Kitu kilichonitisha kuliko vyote ni kinywa chake. Homa ilipompanda alikuwa haongei, macho nusu yamefumba, lakini ulimi ulikuwa unafanya kazi. Niliuona ukisogea ndani ya shavu la kushoto. Unachagua, unageuza. Kisha midomo inachomoza mbele kidogo, inangoja nyundo. Nyundo haiji. Midomo inarudi ndani, ulimi unaanza upya. Nilikaa naye saa za mchana wakati mke akijinyoosha kwenye benchi, na muda wote huo mtu yule alikuwa anamaliza kochi ambalo halipo. Niliogopa kwamba akilimaliza ataondoka.

"Dada," mdogo wangu aliniambia siku moja pale kwenye benchi, "nilikuwa namwambia anyamaze. Kila jioni. Nilikuwa namwambia, wewe mtu, mchana wote watu wanakuita bubu, kwa nini kwangu huwi bubu."

"Atakuchosha tena," nikasema, lakini sikuamini, na yeye alijua kwamba siamini.

Asubuhi iliyofuata tulikuta mambo yameharibika. Shavu lilikuwa limevimba, safari hii kwa nje, jekundu, linang'aa. Homa ilikuwa imepanda. Alikuwa anagugumia kwa maumivu, yeye ambaye siku zote hizo hakulalamika hata kwa mguno. Mdogo wangu alitoka chumbani akavua barakoa, uso umepauka.

"Kidonda kimeoza, dada," akasema. "Kinamla uso sasa."

Nilianza kufikiria mambo ambayo mtu hapaswi kuyafikiria mgonjwa akiwa hai: nani apigiwe simu, shuka lipi liko safi nyumbani, kiti cha daktari wa meno atakimalizia nani. Nilimwita muuguzi. Aliingia, akamulika, akabonyeza ufizi kwa kipande cha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda. Shemeji akaruka na kumsukuma mkono. Muuguzi akatazama gozi lile, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akatoka nalo karibu anakimbia.

Daktari alikuja nalo mkononi. Lilikuwa na doa la njano, zito, lenye harufu mbaya.

"Usaha," akasema. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. "Zimefika. Zimeanza kufika tangu jana usiku, na ndizo zinazomvimbisha na kumuuma. Damu ya leo itatuambia zaidi, lakini mimi sihitaji kungoja."

Mdogo wangu hakuelewa. Nilimweleza mimi, kwa maneno yangu mabovu: kwamba maumivu ni mishipa inalegea, wekundu ni damu inayozileta, na ile njano ni zile zilizotangulia, zimemeza zikafa, na nyuma yake zinakuja nyingine. Akaniangalia, akamwangalia daktari.

"Nionyeshe tena," akasema.

Akaonyeshwa. Akaliinamia gozi lile lenye kunuka na kulia juu yake, hata muuguzi ikabidi alivute taratibu. Mchana majibu ya damu yakaja, na kwa mara ya kwanza muuguzi hakusema bado. Siku mbili tatu baadaye shemeji alifungua macho, akauliza kochi la kijani limefika kwa mwenyewe au la, kisha akaongea bila kupumzika mpaka akaambiwa na wodi nzima apunguze sauti.

Ningependa kuishia hapo. Alirudi nyumbani, shavu likapona, akaanza kula. Mdogo wangu alikuwa akimpikia huku akizungumza na zile chembe, kwa utani lakini si utani sana: kuleni, neemekeni, msije mkaondoka tena. Kisha tarehe ya dozi ya tatu ikafika.

Tulikwenda wote watatu. Daktari alieleza kwamba uvimbe unapungua vizuri, na kwamba tukiacha sasa zile zilizoasi zitarudi zikiwa kaidi zaidi, na dawa hii huenda isizifae tena. Angempunguzia kiasi kidogo, na kumpa sindano za kuuamsha uboho mapema. Kungoja hakushauri.

"Na hizi zilizonipigania?" shemeji akauliza. "Hizi zilizorudi juzi?"

"Nyingi zitakufa," daktari akasema. "Hatuna dawa inayozijua kwa sura."

Alikaa kwenye kiti, mkono juu ya mto. Muuguzi akapata mshipa, akaunganisha mpira, akatundika ile dawa nyekundu. Akaweka kidole kwenye kifungio na kungoja.

"Nifungue, baba?"

Shemeji akageuka kumtazama mkewe, macho yamejaa, kama anayeomba ruhusa, na mdogo wangu, aliyesimama kwenye kioo siku zote zile akiziomba chembe hizo zirudi, aliyelia juu ya maiti zao, akamshika mkono ule mwingine kwa nguvu.

"Fungua, sista," mdogo wangu akamwambia muuguzi.

Dawa ikaanza kushuka kwenye mpira, polepole, na hakuna kati yetu aliyeweza kuitazama mpaka mwisho.